Ubao wa Kukalia

Mume wangu ni seremala, na mbao huzipima kwa masikio. Anagonga kwa kifundo cha kidole, anainamisha kichwa, kisha anasema, "Huu mzima," au, "Huu umeshaliwa na mchwa." Nilipoolewa nilidhani ananitania.

Mwaka huu alipewa kazi ya benchi la kumkumbuka marehemu msanifu majengo. Mjane wake hakutaka mti hata mmoja ukatwe. Benchi litoke kwenye boriti za shule ya kwanza aliyoichora mumewe, ambayo imebomolewa. Misumari hapana, vigingi vya mbao tu, ili ubao ukichoka utolewe peke yake, mbao nyingine zibaki. Baba watoto alichora, akafuta, akachora tena. Hata chakula alikuwa anakisahau.

Siku moja kabla ya kulipeleka, nilikuwa karakanani namnyonyesha mtoto wetu mdogo. Mume wangu akagonga ubao wa kukalia. "Mzima." Mimi nikasikia uwazi ndani yake, kama kibuyu. Ubao ule usingembeba mtu. Mjane mwenyewe kavunjika nyonga juzijuzi, bado anatembelea magongo.

Nilijua siku nyingi kwamba msumeno wa umeme umemharibia masikio. Hadi umwite mara ya tatu ndiyo ageuke. Majirani wanasema ana maringo. Yeye hajawahi kusema, nami niliogopa kuligusa jambo hilo, maana kwake seremala asiyesikia mbao si seremala tena.

Nikamtoa mtoto kwenye ziwa, nikamsogelea mume wangu, nikapaza sauti.

"Baba, hebu gonga tena pale."

"Heee, mama watoto, siku hizi umekuwa fundi?" Akacheka, akagonga. "Si unasikia? Mzima."

"Mimi sisikii hivyo."

Kicheko kikamkauka. Nikajua sasa nafokewa. Akachukua patasi, akaichomeka chini ya ubao. Ikazama kama kwenye mkate. Unga wa mchwa ukamwagikia miguu yake.

Akakaa sakafuni. Mwishowe akanivutia boriti zilizobaki.

"Gonga wewe," akasema. "Nipe mtoto."

Kesho yake mjane aliteremshwa garini. Akaweka magongo pembeni, akajishusha taratibu juu ya ubao mpya tuliouchagua. Watu wote walimtazama yeye. Mume wangu alinitazama mimi, anauliza kwa macho kama nimesikia ubao ukilia.

Nikatikisa kichwa: hapana. Ndipo akashusha pumzi.