Opareta wa Nyumba Yetu

Mama mdogo alikuwa opareta wa swichibodi ya hospitali, akiunganisha simu za watu, hadi alipostaafu, ingawa kwa tabia hajastaafu mpaka leo. Mtandao wa nyumbani ulipoanza kujikokota na matangazo kutujaa machoni, hakuita fundi. Alinunua kompyuta ndogo ya kuenea kiganjani, akaiweka chini ya televisheni, kisha akaingia kwenye ruta, kile kifaa kinachotugawia mtandao, na kuandika humo namba ya kompyuta hiyo. Tangu siku hiyo, simu yoyote humu ndani ikitaka tovuti, huuliza kwanza pale: huyu namba yake ngapi? Hiyo ndiyo seva ya DNS, alituambia. Ni kazi yake ya zamani, ila hii haiombi chai.

Nilimcheka. Kurasa zikaanza kufunguka chapuchapu, nikaacha. Kila asubuhi huvaa miwani akakagua anwani zilizoulizwa, na akiona msumbufu humfungia, kama alivyowakatia simu walevi enzi zake.

Ikafika siku ya mama yangu, dada yake, kupasuliwa moyo huko mbali. Muuguzi alikubali tuonane na mama kwa video kabla hajapewa dawa ya usingizi. Nikabofya kiungo alichotutumia. Kimya. Nikabofya tena. Bando la simu nalo lilikuwa limekata.

"Mama mdogo! Hospitali haifunguki!"

Alikuja mbio, mikono ina povu la sabuni. Akatazama orodha yake, akajishika kichwa.

"Mungu wangu, ni mimi! Jana anwani hii ilikuwa inabisha hodi kila saa, nikadhani ni wale wa matangazo."

"Ni mimi niliyekuwa najaribu kiungo!"

"Utanigombeza baadaye, mwanangu. Sogea."

Akaifungulia. Uso wa mama ukajaa kwenye skrini, kofia ya kijani kichwani, anatabasamu kwa taabu. Nilitokwa na machozi ya shukrani, sioni aibu kusema. Kugeuka, mama mdogo yuko mlangoni, anaondoka.

"Unaenda wapi?"

"Opareta akishaunganisha hutoka kwenye laini. Ya watu hayasikilizwi."

Mama alimsikia. "Mwambie arudi," alisema. "Namtaka mdogo wangu."

Mama mdogo akafuta povu kwenye gauni, akaketi karibu yangu. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, simu aliyoiunganisha ilikuwa yake.

Mama alitoka salama, tunamshukuru Mungu. Lakini hata asingetoka, dakika zile tulikuwa nazo, na ni mama mdogo aliyetupatia.