Bolti Iliyokatikia Nyumba ya Eda

Mwaka wa sitini na nne Taib alishusha injini ya lori lake uani kwa dadake Mwanaesha, Mji wa Kale. Shemeji akafa, Mwanaesha akaingia eda, miezi minne na siku kumi. Nyumba ya chumba kimoja, ambayo ndiyo njia ya kufika uani, haina pa kujifichia, kwa hivyo mwanamume wa kando haingii.

Taib akajitia ufundi peke yake. Akaifungua supachaja, ile mashine ya kuisukumia injini hewa, kwa pupa. Bolti ikakatika kichwa.

"Ipashe moto kwanza, we!" Menza, fundi wa kuchomea vyuma, akampigia kelele kutoka barazani.

Taib akaipasha kwa makaa, akaikamata kwa koleo. Ikakatikia ndani kabisa. Bila Menza haitoki, na Menza haingii hadi eda iishe; na lori ndilo lililowalisha Taib na dadake.

"Keti, kakangu," Mwanaesha akasema. "Tukae eda pamoja."