Siku Nilipopima Mishipa ya Tambara la Deki

Nimewahi kulipima tambara la deki, nikapewa majibu kwamba mishipa yake ya damu imekakamaa.

Sitanii.

Ilikuwa Bariadi, 2009, enzi ambazo ukiwa na meza na kompyuta unafungua kliniki. Mimi na darasa langu la saba nikapata kazi kwa Kasmiri, aliyejiita daktari. Nadeki, halafu naingiza jina na umri wa mgonjwa. Mgonjwa anashika fimbo ya chuma iliyounganishwa na kompyuta, karatasi inatoka: mishipa laini, au migumu.

Wenye presha walifurika.

"Mishipa laini, presha itoke wapi?" Kasmiri anawaambia. "Vidonge vya hospitali tupa kwenye ndoo hiyo."

Mama yangu, Milembe, naye akaja kutoka Kiloleli.

"Mayu," nikamwita mama kwa Kisukuma, "umri?"

"Najua basi? Nilizaliwa mwaka wa njaa. Andika arobaini, usinizeeshe mbele za watu."

Foleni nzima ikacheka. Nikaandika arobaini.

Karatasi ikatoka: laini kama ya msichana! Mama akapiga vigelegele, akaitupa bahasha yake ya vidonge ndooni.

Wiki nzima sikutulia. Mtu ana wajukuu tisa, arobaini gani?

Jioni moja Kasmiri alipotoka, nikaifunga fimbo kwa tambara bichi. Nikaandika miaka sabini. Migumu.

Nikaandika ishirini, tambara lilelile. Laini.

Kumbe fimbo haipimi kitu. Majibu yanafuata umri ninaouandika mimi.

Niliwaandikia wangapi?

Asubuhi nikaingia kumkabili. Nikamkuta anakunywa chai, kidonge kiko ulimini. Mezani bahasha: *Milembe Luhaga*.

"Unakula vidonge vya mama yangu?"

"Vilikuwa ndooni. Mimi nina presha mwaka wa sita."

"Si ujipime kwa mashine yako?"

Alicheka mpaka chai ikamtoka puani. "Wewe binti, mimi nife kijinga?"

Nikaikwapua bahasha, nikadandia basi.

Nilimkuta Mama kalala, mdomo umeenda upande. Zahanati walipompima, presha mia mbili na kumi.

Hakufa. Ila mpaka leo kikombe anashika kwa mkono mmoja, na akinitazama nashindwa kumwambia arobaini ile niliandika huku najua si kweli.

Ndugu yangu, ukiambiwa mishipa yako safi, acha dawa, muulize kwanza anayekupima: wewe mwenyewe asubuhi umemeza nini?