Mke wa Kuazima

Bi Vigae alikuwa na magoti mabaya kuliko yote mtaani, na hakuyaonea haya. Yalikuwa meusi, magumu, yaliyochubuka na kupona mara nyingi hadi ngozi yenyewe ikakata tamaa. Kazi yake ilikuwa kutandika vigae: mabafu ya watu, majiko ya watu, baraza za watu wenye uwezo waliomwita fundi na kumpa maji ya kunywa kwenye kopo la kumwagilia maua. Wanaume wa kazi hiyo walimcheka mpaka wakachoka. Kisha wakaanza kumnyang'anya wateja, na hapo akajua kwamba amefuzu.

Nyumba yake mwenyewe aliitandika kwa masalia. Kila kazi ilipoisha aliomba vipande vilivyobaki, akavibeba hadi kwake, na sakafu ya sebule ikawa ya rangi za kila aina. Kuta nazo zilikuwa jasho lake. Mume alinunua kiwanja, hilo tumpe, hatumdhulumu. Lakini tangu msingi hadi bati mchango wake mkubwa ulikuwa maneno. Alikuwa dalali wa magari, mtu wa shati lililopigwa pasi, mwenye ulimi wa kumtoa nyoka pangoni.

Watoto hawakujaliwa, na jambo hilo lilikuwa burudani ya wifi yake, dada wa mume, mwanamke mrefu mwenye mwanya na kicheko cha dharau. Wifi huyo alikuwa ameachika, akarudi kwa mama yake akapewa chumba cha uani. Kila Jumapili alikuja kwa kaka yake kula na kutema nyongo.

"Hii nyumba ya kaka yangu," alikuwa akisema huku anatafuna. "Wewe umeolewa tu, wifi. Tena hata cha kukushikilia hapa huna."

Bi Vigae alimjibu kwa kumwongezea mboga. Haikuwa upole hata kidogo. Alijua tu kwamba mdomo uliojaa unasema kidogo.

Siku moja alikuwa amepiga magoti barazani kwake, akibandua kigae kilichopasuka, mume hayupo, mara gari likasimama getini. Akashuka bwana mmoja na mkewe, watu wa heshima, na tepu ya kupimia mkononi.

"Habari za kazi, fundi," bwana alisema. "Tunapima madirisha, tuagize mapazia. Hivi vigae vya rangi rangi, kuving'oa vyote ni kazi ya siku ngapi?"

"Ving'olewe kwa nini?"

"Nyumba tumeshainunua," mke wake alisema kwa adabu kabisa. "Sakafu tu ndiyo hatujaipenda."

Bi Vigae aliweka nyundo chini taratibu. "Mmeinunua kwa nani?"

"Kwa wenyewe, baba na mama wenye nyumba. Wakili alikataa kusimamia mauzo ya nyumba ya wanandoa bila mke kuwepo. Basi mke akaja, akasema mbele yetu ameridhia."

"Huyo mke yukoje?"

"Mrefu, ana mwanya. Mcheshi, yule mama. Tulicheka naye sana."

Bi Vigae aliwakaribisha ndani wapime madirisha yao, kwa sababu hakutaka wauone uso wake. Alipobaki peke yake barazani aliokota nyundo, akakiponda kile kigae kilichopasuka hadi kikawa unga.

Sheria yenyewe ilikuwa nzuri. Ilisema nyumba wanayoishi mume na mke haiuzwi mpaka wote wawili wakubali. Mabwana walioitunga hawakuwaza kwamba mtu anaweza kwenda kuazima mke. Wakili naye, msomi wa watu, alitazama vitambulisho viwili, akaona jina la ukoo ni lile lile, akatosheka, akaagiza chai. Bi Vigae alikuwa bado anatumia jina la baba yake mzazi, hakuwahi kulibadilisha. Kwa hiyo mbele ya wakili, kaka na dada walifanana na mume na mke kuliko mume na mke wenyewe.

Mume aliporudi hakujisumbua hata kukana.

"Biashara imekwama, nahitaji mtaji," alisema akifungua vifungo vya shati. "Nitakupangia chumba mahali. Unapiga kelele za nini?"

"Umempeleka dada yako akasema ni mke wako."

"Amenisaidia. Wewe ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Sasa si ndiyo maana." Akacheka. "Ukitaka nenda kashtaki. Cheti cha ndoa unacho?"

Hakuwa nacho. Walioana mbele ya wazee wa pande mbili, na wazee hao karibu wote walikuwa wamekwisha kuzikwa. Cheti walisema watakwenda kukichukua wakipata nafasi. Nafasi ilipatikana ya kila kitu isipokuwa hiyo. Bi Vigae alimtazama mwanamume huyo akikunja mashati yake kuhamia kwa mama yake, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao akamchukia bila kujilaumu.

Alianzia ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti alimsikiliza huku anachokonoa meno, kisha akasema hayo ni mambo ya ndani, akayamalize nyumbani. "Nyumbani kwenyewe ndiko kunakouzwa," Bi Vigae alimwambia, akaondoka bila kuaga. Akaenda polisi, akaulizwa alimkosea nini mumewe. Akaenda mahakamani. Huko karani hakumpenda wala hakumchukia. Alimwonyesha tu dirisha la kufungulia kesi, na hilo lilimtosha. Mauzo yakasimamishwa hadi shauri lisikilizwe.

Siku ya shauri chumba kilijaa. Hakimu alikuwa na mafua na hakuwa na muda wa kuchezewa. Wanunuzi walikaa mbele wakiwa wamenuna. Wifi alikaa karibu na kaka yake, amejitanda khanga mpya. Mama mkwe alikaa benchi la nyuma, mkono shavuni.

Mume alisimama, akaapa, na sauti yake ikatoka laini kama siku zote.

"Mheshimiwa, huyu mama ni fundi wangu. Nilimhifadhi pale kwa huruma tu, hana kwao. Mke wangu ni yule pale. Hata jina letu ni moja, wakili ameliona."

Wakili alitikisa kichwa kukubali. Wifi aliangalia sakafu. Kaka yake alikuwa amemwahidi kwamba hataulizwa kitu.

"Wewe unasemaje?" hakimu alimgeukia Bi Vigae.

"Jina ni moja kwa sababu baba ni mmoja, mheshimiwa. Waliozaliwa tumbo moja ni wale. Mama yao yupo benchi la nyuma, umuulize."

Mama mkwe aliitwa mbele. Aliapa kwa sauti ndogo. Hakimu alimweleza kwamba anayeapa uongo anafungwa, akapenga kamasi, kisha akamwonyesha wifi.

"Mama, huyu ni nani wako?"

Bibi yule hakuwa mjinga. Aliona kwamba akisema kweli, mwanawe kipenzi analala ndani, na nyumba inabaki kwa mwanamke ambaye hakumzalia hata mjukuu wa dawa. Alimtazama mwanawe wa kiume. Binti yake hakumtazama kabisa.

"Mkwe wangu," alisema. "Ameolewa na mwanangu."

"Wewe umezaa watoto wangapi?"

"Mmoja tu, mheshimiwa. Wa kiume."

Wifi aliinua uso. Wote waliokuwa karibu naye walimwona, na baadaye walisema mwanamke yule alizeeka palepale.

"Mama," alisema. "Hebu rudia."

Hakimu alimwamuru anyamaze. Hakunyamaza. Alisimama, khanga ikamwanguka, akaiacha chini.

"Mheshimiwa, mimi si mke wa mtu. Huyu ni mama yangu mzazi, na huyu ni kaka yangu, baba mmoja mama mmoja. Mke wake ni yule fundi. Kaka aliniambia nisipokwenda kwa wakili ananitoa kwenye chumba cha uani. Nikaenda, nikasema alichotaka. Leo mama amenitoa hata tumboni mwake."

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Mauzo yalifutwa. Mume aliondoka na polisi, na wakili akatakiwa kwenda kujieleza kwa wakubwa wake. Bibi alikemewa mbele za watu kama mtoto mtukutu, akaachiwa kwa ajili ya umri wake. Wifi aliambiwa ataitwa kutoa ushahidi dhidi ya kaka yake. Bi Vigae alirudi kwake, akavua viatu, akatembea peku sebuleni, huku na huko, hadi giza likaanza kuingia.

Mara geti likagongwa. Alikuwa wifi, ana furushi kwapani.

"Nimekuokoa, wifi," alisema kabla hata ya salamu.

"Hukuniokoa mimi. Umekataa ndoa tu."

"Mama amefunga mlango. Vitu vyangu kavitupa nje."

Bi Vigae hakufungua. Alimtazama kupitia nondo za geti akazikumbuka Jumapili zote, na tusifiche, alifurahi. Alifurahi sana, na furaha hiyo ilikuwa tamu hata akajiogopa.

"Ile nyumba ya kwenu alijenga nani?" aliuliza.

"Marehemu baba."

"Na alipokufa mligawana?"

"Kaka alisema wa kike hana fungu."

"Kaka yako alisema pia wewe ni mkewe. Sheria inakupa fungu. Leo umetamka mbele ya hakimu kwamba wewe ni mtoto wa yule baba, na watu wote wamesikia. Nenda ukadai chako. Hapa huna chako."

Wifi alihamishia furushi kwapa la pili.

"Sijui hata pa kuanzia," alisema.

Moyoni Bi Vigae alimtukana matusi yote aliyokuwa ameyameza kwa miaka, moja baada ya jingine, bila kuruka hata moja.

"Leo kalale kwa shoga yako wa sokoni," alisema mwishowe. "Kesho nina bafu la mtu. Keshokutwa asubuhi nitakupeleka kwa karani. Lakini njiani tusiongee."