Babu na Nyufa Zake

Wiki iliyopita niliona ufa kwenye ukuta wa chumba ninachopanga hapa Area 36, na kabla sijampigia simu mwenye nyumba nikajikuta nimekanda udongo na kuubandika juu yake. Kisha nikajikasirikia. Nilikuwa nimeapa, msomaji wangu, kwamba mambo ya babu sitayarudia maishani.

Nililelewa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na babu na bibi. Walitoka Fizi, lakini ujanani babu alichimba makaa ya mawe chini ya ardhi, upande wa Kalemie, na kazi yake ilikuwa kuangalia kama mwamba wa juu unashuka. Huko, alisema, ufa hubandikwa udongo mbichi. Udongo ukikauka mzima, mwamba umetulia; udongo ukipasuka, mnatoka. Na miti inayoshikilia dari hulia kabla ya kuvunjika. Siku moja mti ulilia na wenzake wakaendelea kula. Zaidi ya hapo hakutusimulia.

Yangebaki ya Kalemie nisingelalamika. Lakini nyuma ya nyumba yetu jirani alichimba udongo wa matofali, na kila kiangazi shimo lake lilitusogelea. Babu alipomfuata, jirani, mwenyeji wa huko, alimshukuru kwa lugha yake huku akicheka: "Zikomo, agogo, nyumba yenu haiendi popote!" Basi babu akabandika udongo kwenye kila ufa, akasimamisha gogo la mkaratusi katikati ya chumba, pale pale pa mkeka wetu. Nililigonga kwa paji la uso mpaka nikachoka kulia. Asubuhi hatukupata uji kabla ya kukagua nyufa. Mlango ulifungwa polepole kama kuna mgonjwa ndani. Tukicheka kidogo tu, anainua mkono: "Nyamazeni, batoto! Mti iko nasema."

Mti haukusema kitu, miaka yote hiyo.

Kilichomuudhi bibi kuliko vyote ni kinu. Babu alimkataza kutwanga sombe, majani ya muhogo, karibu na ukuta, eti anatikisa ardhi. Hebu fikiria mwanamke wa Fizi anayekatazwa kutwanga sombe kwake! Alitwanga hata hivyo, babu akiwa kwenye maombi, na ule mlio mzito na harufu ya majani mabichi yanayopondeka ndiyo nyumbani kwangu hadi leo.

Kisha ikaja Noeli moja ya mvua nyingi. Bibi aliisiriba nyumba nzima upya, ndani na nje, kama walivyofanya wanawake wote wa kambi. Babu alirudi akakuta alama zake zote zimefunikwa.

"Mama, umefunika macho yangu! Sasa nitajuaje ukuta inatembea?"

"Noeli iko karibu, nyumba inatuletea aibu," bibi akajibu. "Mi nilikimbia vita. Siwezi kimbia ukuta."

Babu akabandika udongo upya. Siku ya tatu, mchana, mvua ikinyesha, ulipasuka wote upande wa shimo. Akatuamuru sisi watoto twende kanisani. Bibi akakaa kwenye kigoda, mikono kifuani, amekataa. Nilisimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza nikalisikia gogo: mlio mwembamba, wa mlango usiotiwa mafuta.

Babu hakubishana. Alikikumbatia kinu cha bibi, akatoka nacho kwenye mvua.

"Acha kinu yangu, we mzee! Unaipeleka wapi?" Bibi akainuka, akamfuata akimtukana mpaka kwenye uwanja wa kanisa. Hapo ndipo tuliposikia ukuta ukishuka, taratibu, kama gunia linalotuliwa. Uliangukia kigoda.

Unadhani bibi alimshukuru? Mpaka anakufa alimlaumu babu kwa sufuria ya maharage iliyobaki ndani.

Babu naye alimfuata upesi. Kambini pale pana nyumba ya watu wengine sasa, na hakuna anayejua kwamba chini yake palikuwa na shimo. Nimekasirika sana kuandika haya, maana leo asubuhi udongo wangu nao umepasuka, na mwenye nyumba anasema ufa ni wa rangi tu. Ninaishi kwa cherehani, lakini nilichokibeba kwanza ni kinu cha bibi. Nimesimama nacho uani. Hakuna mtu wa kunifuata akinitukana.