Mafuta Mapya Yaliyomsubiri Mgeni

Bonifasi alikulia Kigoma, mtoto wa wakimbizi, akajifunza injini kwenye boti za wavuvi wa dagaa. Aliporudi Burundi alikuta kilima cha kwao huko Muyinga hakina ziwa, kina mto Ruvubu, na Ruvubu una viboko. Mashamba ya ushirika yako ng'ambo. Kwa miaka mingi watu walivuka kwa mtumbwi wa kasia, hadi siku kiboko alipoupindua na shemeji yake Bonifasi, dada wa mkewe Lucia, akafa maji. Ndipo ushirika ukajikakamua, ukapata boti la mbao na injini, na Bonifasi akawa nahodha. Kelele za injini ziliwasogeza viboko pembeni. Lucia alikubali kuvuka tena kwa sababu hiyo tu, tena alikaa nyuma kabisa, karibu na mumewe.

Kiangazi boti hupumzika. Maji hupungua, pangaboi hugonga mchanga, na watu wote wanakuwa mabondeni upande wa nyumbani, wakilima maharage. Mwezi wa sita Bonifasi alichomoa kijiti cha kupimia mafuta ya injini, akakiangalia juani. Mafuta yalikuwa yamegeuka, rangi yake kama chai ya maziwa. Hakuyapenda hata kidogo. Akaenda kwa Zakaria, mwenyekiti wa ushirika, aliyekuwa na kopo la mafuta mapya kabatini kwake.

Sasa kopo hilo lilikuwa na mambo yake. Lilitumwa na Emmanuel, mtoto wa kilima hicho anayefanya biashara Gitega, na siku hizi mafuta ya injini si kitu cha kuingia dukani ukatoka nacho. Kwetu zawadi kama hiyo haifunguliwi kabla mtoaji hajashukuriwa mbele za watu. Lazima aje, viti vipangwe, hotuba zitolewe, anywe, apigiwe makofi. Kuifungua kabla ya hapo ni kumdharau. Ni desturi nzuri na sina ugomvi nayo, ila injini haisikilizi hotuba.

"Shefu, tubadilishe mafuta sasa, kabla hatujailaza injini," Bonifasi alisema.

Zakaria alicheka. "We Bonifasi, unataka mashini ilale na mafuta mupya? Itayafanyia nini mu usingizi? Bon, Emmanuel iko anakuja mwezi wa kenda. Tutaweka mbele ya macho yake."

"Kigoma tulimwaga ya zamani siku ileile boti lilipotoka majini."

"Juu ya nini?"

Hapo Bonifasi alikwama. Hakujua. Tajiri wake wa Kigoma hakuwa mtu wa kueleza. Alisema mwaga, wakamwaga. Mwenye mdomo angebuni sababu yoyote akapewa kopo, lakini Bonifasi alizaliwa bila mdomo huo.

"Ndivyo tulivyofanya," alisema. Zakaria, ambaye si mtu mbaya, alimpiga begani na kumtilia urwarwa, na Bonifasi akanywa pombe hiyo ya ndizi bila kuisikia ladha.

Injini ililazwa nyumbani kwa Bonifasi, imefunikwa kitenge chakavu cha Lucia. Kiangazi chote alikosa raha. Aliwaomba mafuta wenye pikipiki, nao hawakuwa nayo hata ya kwao. Kila alipopita aliijaribu kamba ya kuwashia, na kila mara aliiona nzito zaidi. Hakumwambia mtu, maana angemwambia nani, na amwambie nini?

"Baba Kastori, mbona unaliangalia hilo dude kama mgonjwa?" Lucia alimuuliza.

"Halina kitu," alijibu, na mke wake akajua anadanganya.

Emmanuel alikuja mwezi wa tisa. Hotuba zilikuwa ndefu kama zinavyokuwa siku zote. Kisha Bonifasi akafungua bolti ya chini ili kumwaga mafuta ya zamani, na kilichotangulia kutoka ni maji mekundu ya kutu. Akatia mafuta mapya watu wakishangilia, akavuta kamba. Kamba haikuja. Akavuta kwa mikono miwili, injini nzima ikatikisika, lakini ndani hakikuzunguka kitu. Zakaria alisema labda bado ina usingizi. Hakuna aliyecheka.

Wakaipakia kwenye gari la Emmanuel hadi Gitega, kwa Mushagalusa, Mkongo wa Kivu Kusini anayeuza vipuri karibu na soko na kufungua mashine za watu. Aliifungua taratibu. Beringi zilikuwa zimeliwa na pistoni imeshikana na ukuta wake.

"Mbele ya kuiweka, mafuta ilikuwa nyeupe-nyeupe?" aliuliza.

"Ilikuwa."

"Voilà. Maji ilikuwa imeingia. Mafuta ya kutumika inabakiaka na maji na uchafu ya moshi. Mashini ikiwa inatembea, haina neno. Ikilala, ile maji inashuka, inaanza kukula chuma pole pole. Mafuta mupya unatia mbele ya kulala, mzee. Iko ya kuilinda."

Hiyo ndiyo sababu aliyoikosa siku ile mbele ya Zakaria. Sasa alikuwa nayo.

"Haitengenezeki?"

"Vyuma vyake hapa haviko. Hata Bujumbura, sijui. Mi siwezi kukudanganya."

Emmanuel alikuwa ameinama. "Si mngetia tu?" alisema. "Kwani mimi ningejua?"

Bonifasi alitaka kulia, akashindwa hata hilo.

Alirudi Muyinga mikono mitupu, na mvua zikaanza. Mbegu lazima ziingie ardhini. Boti la mbao ni zito mno kwa kasia, kwa hiyo jirani yao Rachid akautoa mtumbwi wake kichakani. Ulibeba watu wachache, na kila nafasi ilikuwa ya mwenye jembe, si ya nahodha asiye na injini.

"Usiende," Bonifasi alimwambia Lucia kando ya mto. "Nitatafuta kibarua huku."

"Kwa nani, Baba Kastori? Si wote wanavuka?"

Akaingia, akakaa katikati, akashika kingo kwa mikono yote miwili. Hakugeuka kumtazama. Bonifasi alijua ni hofu, si hasira.

Katikati ya mto Rachid aliacha kupiga kasia. Mbele yao maji yalifura, yakatokea masikio mawili madogo. Bonifasi aliingia mtoni hadi magotini, akasimama, maana hata angeendelea mbele hakuwa na la kufanya. Hakuthubutu kupiga kelele asije akamchokoza mnyama. Mtumbwi ulichukuliwa na mkondo hadi masikio yakazama na Rachid akapiga kasia kwa nguvu zake zote, wakagusa ng'ambo.

Lucia alishuka kwenye tope, akachukua jembe lake na kuwafuata wenzake. Bonifasi alibaki majini akimshukuru Mungu kwa sauti. Alikuwa bado anashukuru alipokumbuka kwamba nyumba iko huku, na jioni Lucia atavuka tena.