Ukumbi wa Daraja la Kwanza, Darsait

Nasriya hakuwa na muda mrefu tangu astaafu ualimu wa mapishi pale baba yake, Mzee Harub, alipoacha kula. Si kwamba hakuweza. Kiharusi kilimlegeza mkono wa kushoto tu, lakini kila sinia aliyopelekewa chumbani, katika nyumba yao ya Darsait, nchi ya Waarabu, ilirudi kama ilivyokwenda.

"Sina hamu, mwanangu," alisema, akageukia ukutani.

Hamu aliyobaki nayo ni ya kuzungumza, na mazungumzo yake yote yalikuwa ya meli. Marehemu baba yake, kabla hajarudi Unguja kuoa, alikuwa akitia makaa kwenye matanuri ya meli kubwa ya abiria ya Kizungu. Siku moja alitumwa juu, akapotea njia, akasukuma mlango na kujikuta kwenye ukumbi wa kulia wa daraja la kwanza. Aliona kuba la vioo vya rangi, mitende kwenye vyungu, wapiga fidla, wanawake wenye lulu shingoni, na wahudumu wanaoondoa sahani hii na kuleta ile. Hakuona zaidi. Alifukuzwa kwa masizi yake.

"Mpaka anakufa alitaka kujua wale watu walikuwa wanakula nini," alisema Mzee Harub.

Nasriya alikisikia kisa hicho tangu utotoni. Safari hii kilimkaa moyoni. Alimpigia simu binti yake Shatha, anayesomea utalii na kuishi mtaa wa Al Khoudh. Shatha alicheka kwanza, kisha akaenda kutafuta. Akagundua kuwa abiria wale walikula supu nyepesi, samaki kwa matango, barafu ya matunda ya kusafishia kinywa, mwanakondoo wa kuchoma kwa mnanaa, pichi kwenye jeli, na mwisho jibini na zabibu.

Jumamosi adhuhuri, Nasriya alitandika kitambaa cheupe kilichopigwa wanga. Uma za fedha aliazima kwa jirani yao Balqees. Samaki alikuwa nguru wa soko la Mutrah, na mvinyo ukawa juisi ya komamanga. Shatha aliweka muziki wa fidla kwenye simu.

"Mie si mgonjwa wa kufanyiwa sherehe," alisema mzee alipoitwa.

"Si sherehe, baba. Ni kile chakula alichotaka kukijua babu."

Mzee aliketi kitandani. Kisha akaomba kilemba chake.

Supu aliimaliza. Samaki alimwona hana ladha, akaagiza pilipili. Barafu ilipokuja alikunja uso, akauliza kama Wazungu ndo walikuwa wakishiba hivyo. Halafu akaweka kijiko chini, akasikiliza vishindo vya ngazi kwenye veranda.

"Nani hao?"

"Mafundi rangi, baba."

"Washakula?"

Shatha alimtazama mama yake. Chakula kilipimwa cha watu watatu. Nasriya aliona uchungu, maana alikuwa ameihangaikia meza hiyo wiki nzima. Hata hivyo aliinuka, akafungua mlango.

Waliingia wawili, Hatibu, mtu wa Tanga, na mwenzake Mbangladeshi. Walisita kwa sababu ya nguo zao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaeni. Nnataka watu mezani, rangi itafuliwa."

Nyama ilipokuja haikutosha. Nasriya akatoa pilau ya jana, akaipasha moto, akaimwaga kwenye sahani ya katikati, na utaratibu wote wa daraja la kwanza ukavurugika. Alishangaa kujiona anacheka. Hatibu, alipoona mkono wa mzee haufanyi kazi, alimkatia nyama bila kuombwa, huku akimsimulia ya kwao Tanga. Mzee Harub alikula, akaongeza.

Hakula chumbani tena. Siku chache baadaye alimkuta Nasriya jikoni, akaegemea fimbo yake mlangoni.

"Jumamosi hii kuna supu gani?"

"Unataka ipi, baba?"

"Yoyote, ila iwe na pilipili. Na mwambie Balqees aje na watoto wake."

Nasriya alishusha sufuria kubwa kutoka juu ya kabati, akaanza kuiosha.